CHOMBO CHA WOTE HURUDISHWA MAHALI PAKE
Somo la kuzungumzia katika vikundi vya akina mama, vijana na wazee



Somo letu la safari hii ni dogo kwa jina, na huenda wengine wakasema halistahili hata kuandikwa. Ni juu ya kurudisha chombo mahali pake baada ya kukitumia. Twawaomba mlisome mpaka mwisho kabla ya kuhukumu, kwa kuwa ndani yake kuna jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea tukiwa vijana, na hatujaacha kulifikiri mpaka leo.

1. Matoroli ya dukani

Wengi wetu tukienda Dar es Salaam kuwatazama watoto na wajukuu, hupelekwa katika yale maduka makubwa yaitwayo supamaketi. Huku Kibiti tukisema toroli, twamaanisha lile la tairi moja mbele na mikono miwili nyuma, la kubebea mchanga, ndoo za maji au magunia ya korosho. Toroli la supamaketi ni kapu kubwa la vyuma lenye magurudumu manne. Unalichukua mlangoni, unazunguka nalo dukani ukitia unavyotaka, na ukishalipa unaruhusiwa kulisukuma mpaka kwenye gari.

Hapo kwenye gari ndipo penye mtihani. Vitu vimekwisha kuingia garini, jua ni kali, watoto wanalia, na toroli tupu liko mkononi mwako. Mahali palipotengwa kwa matoroli, penye vyuma pande mbili, pako hatua hamsini kutoka hapo. Hapana askari, hapana faini, wala hapana mtu anayekujua. Utafanyaje?

Hivi karibuni tulikaa ndani ya gari katika maegesho ya duka moja, tukimngoja binti yetu, tukawa tunatazama. Bwana mmoja alilipandisha toroli lake juu ya ukingo wa bustani, akaondoka. Mama mmoja alilisukuma likaingia nafasi tupu ya gari la jirani. Baada ya dakika chache likaja gari lingine, na mzee aliyekuwa akiliendesha ikambidi ateremke na mkongojo wake aliondoe toroli ndipo aegeshe. Toroli la tatu liliachwa penye mteremko, likaenda lenyewe mpaka likagonga mlango wa gari la mtu ambaye hakuwapo. Mwenyewe aliporudi alilitazama bonde lile mlangoni, akatazama huku na huku, asimpate wa kumwuliza.

Kijana mmoja wa duka alikuwa akizunguka juani akiyakusanya, akiyapanga moja ndani ya jingine kama mabehewa ya treni. Alipopita karibu akatusalimu, "Shikamoo mzee." Tukamwitikia, tukamwuliza kama kazi ile si nzito. Akajibu, "Kuyasukuma si kuzito, mzee. Kuzito ni kuyatafuta."

2. Toroli lilitoka wapi?

Toroli la dukani si la siku nyingi. Lilianza mwaka 1937 katika mji wa Oklahoma City, Marekani. Sylvan Goldman, mwenye maduka ya vyakula, aliona kwamba mteja akibeba kikapu mkononi, kikishakuwa kizito huacha kununua. Akabuni chombo cha kusukuma kinachochukua vikapu viwili. Mwanzoni watu walikikataa. Ikambidi Goldman awalipe watu wazunguke dukani na matoroli kama wanaonunua, ili wateja wengine waone na kuiga.

Basi watu walifundishwa kuchukua toroli, wakajifunza upesi. Kufundishwa kulirudisha kumekuwa kazi kubwa zaidi, na wenye maduka wametumia njia mbili. Njia ya kwanza ni kuajiri kijana kama yule tuliyemwona. Njia ya pili, ambayo imeenea sana Ujerumani na nchi nyingine za Ulaya, ni kuyafunga matoroli kwa mnyororo mfupi, moja na jingine. Ukitaka moja, unatumbukiza sarafu, tuseme ya yuro moja, na mnyororo unaachia. Ukilirudisha na kulifunga tena, sarafu yako inatoka. Watu hurudisha, maana kila mtu hufuata fedha yake.

Hatuilaumu njia hiyo, inafanya kazi. Lakini sisi tuliofundisha twaona upungufu wake. Mtu aliyezoea sarafu atafanyaje siku atakapotumia chombo kisicho na sarafu? Na vyombo vingi vya maisha yetu huku havina sarafu wala kijana wa kuvikusanya.

3. Chombo chetu huku kwetu

Tuchukue mfano wa mtumbwi wa kuvukia. Mto Rufiji, kabla ya kuingia baharini, hugawanyika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo kuna mikoko iliyoenea zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kupita yote ya namna yake katika Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya delta hiyo iko katika Wilaya yetu ya Kibiti. Katika vijiji vya huko, njia ni maji. Mtu huenda shambani, shuleni, sokoni na zahanati kwa mtumbwi.

Wale waliosafiri kwenda kusini kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 wanakumbuka kungoja kivuko pale Ndundu. Wanajua maana ya kufika ukingoni na kukuta chombo kiko ng'ambo. Na mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, watu walitolewa majini kwa mitumbwi na boti. Siku kama hiyo, mtumbwi ulioachwa ovyo ni mtumbwi usiokuwapo.

Mtumbwi wa wote una sheria zake, na zote zinatokana na maji. Katika delta maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hupanda na kushuka mita tatu au zaidi. Kwa hiyo mahali palipokuwa pazuri kuegesha saa kumi jioni huwa matope matupu saa nne usiku. Mtumbwi ukiufunga kwa kamba fupi juu ukingoni, maji yakipwa unabaki umening'inia au umekaa juu ya tope. Usipoufunga, maji yakijaa unachukuliwa. Ndiyo sababu kila kivuko kina nguzo yake, imechomekwa ukingoni mwa kina, na mtumbwi hufungwa hapo kwa kitanzi kinachopanda na kushuka pamoja na maji. Upondo, kafi na kata ya kufulia maji huachwa ndani. Anayekuja baada yako, awe Mwislamu au Mkristo, mwenyeji au mgeni, avikute.

4. Kosa letu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa walimu vijana wawili katika kijiji kimoja cha delta. Jina la kijiji hatutalitaja. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya mkono wa mto, na kivuko kilikuwa na mtumbwi mmoja wa wote, mtumbwi mzito wa mwembe.

Siku moja tulirudi kutoka ng'ambo na gunia la mpunga. Mwezi ulikuwa ndio kwanza uandame, bamvu imekamilika, na ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni, maji yamejaa pomoni hata yameingia ndani ya mikoko. Mvua ilikuwa inaanza. Kutoka kwenye nguzo mpaka nyumba ya walimu ni mwendo, na gunia lilikuwa zito. Tukaona tuna bahati: kwa kuwa maji yamejaa, twaweza kuupitisha mtumbwi katikati ya mikoko mpaka penye njia, karibu kabisa na nyumba. Tukafanya hivyo. Tukaufunga kwenye mzizi. Tukachukua na ule upondo, tukaufanya mpiko, tukaninginiza gunia katikati, huyu mbele na huyu nyuma. Tulipofika tukauegemeza upondo ukutani. Tulisema tutaurudisha mvua ikikatika. Mvua ilikatika, lakini tulikuwa tumekwisha kula na kulala.

Yapata saa nne usiku tuligongewa mlango. Mke wa jirani alikuwa amepatwa na uchungu tangu magharibi, na mkunga wa kijiji alikuwa amesema mambo si mazuri, apelekwe zahanati upesi. Wavuvi walikuwa wamekwenda kamba na mitumbwi yao. Watu walikuwa wamekwenda penye nguzo na kandili, wakakuta kitanzi kitupu. Wakadhani mtumbwi uko ng'ambo, wakaita sana, hapakuwa na wa kuitika. Mtoto mmoja ndiye aliyekumbuka kwamba alituona jioni tukipita na upondo begani.

Tulikimbia. Mtumbwi tuliukuta juu ya tope, umekwama katikati ya mizizi ya mikoko, na maji yako mbali chini. Wanaume sita tuliusukuma, tukizama mpaka magotini, tukikata mizizi kwa panga gizani. Tulipoufikisha majini ilikuwa inakaribia saa saba. Kuvuka kwenyewe hakukuchukua hata dakika kumi.

Mama yule alipona, na baadaye Mungu alimjalia watoto wengine. Mtoto wa usiku ule hakulia. Mkunga alitwambia kwamba huenda isingekuwa tofauti hata kama wangevuka mapema. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Yawezekana alisema kweli, na yawezekana alituhurumia. Sisi hatujui, wala hatutajua.

Asubuhi tulikwenda kwa baba yake kumwomba radhi. Akatuitikia kwa upole, akasema, "Ni maji, walimu." Hakusema zaidi, na katika miaka yote tuliyokaa pale hakutulaumu hata mara moja. Jioni yake mzee wa kivukoni alituita penye nguzo. Tulidhani atatugombeza. Akachukua kamba, akasema, "Wanangu, kitanzi hufungwa hivi." Akakifunga, akakifungua, akatupa sisi tukifunge. Tulikifunga mara nyingi mpaka akaridhika.

5. Udhuru tunaoutoa

Tangu siku ile tumekuwa tukisikiliza sana udhuru wa watu wasiorudisha vitu, maana kila mmoja tuliwahi kuutumia. Yatupasa kuuchunguza.

"Nina haraka." Ni kweli, lakini anayekuja baada yako naye aweza kuwa na haraka, na ya kwake aweza kuwa kubwa kuliko yako. Wewe humwoni, huo ndio ugumu wote wa jambo hili.

"Yuko mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo." Kijana wa supamaketi ameajiriwa kuyatoa matoroli mahali palipotengwa na kuyapeleka mlangoni. Hakuajiriwa kuyafuata bustanini. Katika chuo cha ualimu tulikofundisha, wanafunzi walilima shamba la chuo, na majembe yalitunzwa ghalani. Wengine waliyatupa mlangoni yakiwa na matope, wakisema mtunza ghala yupo. Asubuhi darasa lililofuata liliyachukua yakiwa mazito kwa tope lililokauka. Ndipo tukaweka desturi kwamba jembe halihesabiwi kurudi mpaka lioshwe na kutundikwa.

"Wengine nao hawarudishi." Huu ndio udhuru unaoenea upesi kupita wote. Toroli moja likiachwa bustanini, la pili huja kulifuata, na jioni bustani imejaa. Lakini hata kinyume chake ni kweli, kwani watu wakikuta mahali pamepangwa, wengi hupanga.

"Nina mtoto mchanga." Huu si udhuru tu, ni shida ya kweli, na tusimhukumu mwenye nao. Mama aliye peke yake na mtoto mchanga asimwache garini juani ili kurudisha toroli. Wala mgonjwa, mjamzito au mzee wa miguu mibovu asilazimishwe. Basi sisi wenye nguvu tunaopita karibu tuseme, "Mama, niachie, nitalirudisha," tena kama tunaingia dukani tutalitumia lilelile. Asiyeweza asaidiwe, na anayeweza asijifiche nyuma yake.

6. Mambo ya kufanya

Tumeyaweka machache, ili yakumbukwe.

Kwanza, kazi ihesabiwe imekwisha chombo kikiwa tayari kwa mwingine. Gunia likifika nyumbani, kazi haijaisha. Imeisha mtumbwi ukiwa kwenye nguzo.

Pili, kirudi na vitu vyake vyote. Mtumbwi bila upondo ni gogo. Pampu ya baiskeli bila mpira wake haijazi upepo. Sufuria la msiba lirudi na mfuniko wake na mwiko wake.

Tatu, kirudi katika hali njema. Toroli la kuchanganyia saruji lioshwe siku ileile, kwa maana saruji ikikauka, aliyekuazima utakuwa umemrudishia mzigo. Toroli la supamaketi litolewe karatasi na maganda.

Nne, kikiharibika, sema. Mtu akirudisha kiti cha kanisa kilichovunjika mguu na kukificha katikati ya vizima, atakayeanguka ni bibi wa watu Jumapili. Kusema, "Nimekivunja, nitakitengeneza," ni aibu ya dakika moja.

Tano, watoto waone. Mtoto anayemwona baba yake akitembea hatua hamsini juani kurudisha toroli hahitaji somo hili letu.

7. Tusome pamoja

Katika 2 Wafalme 6:1–7 twasoma habari za watu waliokuwa wakikata miti kando ya Yordani. Chuma cha shoka la mmoja wao kilichomoka, kikazama. Angalieni alichokililia yule mtu. Hakulia kwamba kazi yake imesimama, wala kwamba atachekwa na wenzake. Alilia kwa sababu shoka lilikuwa la kuazima. Alikuwa akimfikiri mwenye shoka, ambaye hakuwapo pale mtoni wala hakujua lililotokea. Tukimaliza kusoma, tuangalie pia Kutoka 22:14, juu ya mtu aliyeazima mnyama wa jirani yake na mnyama akaumia. Sheria ile ilimtaka alipe. Tangu zamani, basi, kuazima na kurudisha vimehesabiwa kuwa sehemu ya haki kati ya mtu na jirani.

8. Maswali ya kuzungumzia

(a) Katika mtaa wenu ni vyombo gani vya wote ambavyo hamna mtu wa kuvitunza? Fikirini ndoo na kamba ya kisima, viti, turubai, masufuria ya misiba na harusi, ngazi, mtumbwi.

(b) Kwa kila chombo, ni nani anayeumia kisiporudishwa? Mtajeni kwa hali yake, si kwa jina: mgonjwa, mwanafunzi, mfiwa, msafiri wa usiku.

(c) Je, tuweke faini, kama ile sarafu ya Ulaya, au tuweke zamu? Kila njia ina faida gani na ina hasara gani?

(d) Mzee wa kivukoni hakutugombeza. Alitufundisha kufunga kitanzi. Je, alifanya vyema? Ninyi mngefanyaje?

(e) Je, nyumbani kwako sasa hivi kuna kitu cha mtu? Swali hili lisijibiwe kwa maneno. Kila mmoja arudi nyumbani atazame nyuma ya mlango, juu ya dari na chini ya kitanda.

Sisi tulipomaliza kuandika somo hili tulifanya hivyo. Tulikuta msumeno wa jirani yetu, tulioazima wakati wa kutengeneza banda la kuku, na ambao yeye kwa heshima hakupata kuutaka. Tumeusafisha kutu, tumeupaka mafuta, na tumempelekea.